Anatubia usiku, anarudia asubuhi: Huyu naye ana matibabu



Ndugu msomaji, yapo maradhi ambayo mtu humweleza jirani yake bila ya haya, kama vile kisukari au presha. Na yapo ambayo hayataji hata kwa daktari, akaishi nayo miaka hadi yakavunja ndoa, yakamaliza fedha na kumletea maradhi mengine. Leo tunazungumzia moja kati ya hayo, nalo ni hali ya mtu kushindwa kabisa kuyazuia matamanio yake ya kimwili, ingawa mwenyewe anataka kuacha.

Chukua mfano wa mwanamume mwenye mke na watoto. Anaswali, anafunga, na watu wanamheshimu. Usiku nyumba ikilala hushika simu na kuangalia picha za uchi hadi karibu na alfajiri. Kazini anasinzia. Baadaye picha hazimtoshi, anaanza kuwafuata wanawake wa kulipa, na fedha za ada ya watoto zinaishia huko. Kila mara hufuta kila kitu katika simu, hulia, huapa na kutubia. Wiki haijaisha amerudi. Mwisho anaacha hata kwenda msikitini, kwa kujiona mnafiki asiyestahili kusimama safu moja na wenzake.

Mtu wa namna hii tukimwambia tu "mche Allah," tumemwambia jambo la kweli ambalo yeye mwenyewe amejiambia mara mia. Anahitaji na jambo la pili, nalo ni tiba.

Ni ugonjwa au ni dhambi?

Mwezi Mei 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambalo lilianza kutumika Januari 2022. Katika toleo hilo hali hii imeorodheshwa kwa mara ya kwanza kwa jina lake, katika kundi la maradhi ya kushindwa kujizuia. Kundi hilo ndilo lenye mtu anayeiba vitu asivyovihitaji, na anayechoma moto vitu bila ya kuweza kujizuia. Wataalamu bado wanajadiliana kama inafaa kuitwa uraibu kama ule wa dawa za kulevya. Hata hivyo, kwamba wapo watu wanaoteseka nayo na kwamba wanatibika, hilo halina mjadala.

Dalili anazozitazama daktari ni hizi:

1. Jambo hilo limekuwa ndiyo kitovu cha maisha ya mtu, hata anapuuza afya yake, kazi, familia na wajibu wake.

2. Amejaribu mara nyingi kuacha au kupunguza, akashindwa.

3. Anaendelea ingawa anayaona madhara yake, kama ndoa kuvunjika, kufukuzwa kazi au kuambukizwa maradhi.

4. Anaendelea hata pale ambapo hapati tena raha yoyote.

Hali hiyo iwe imedumu kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi sita au zaidi, na iwe imemletea dhiki kubwa au imeharibu maisha yake.

Hapa tuwe waangalifu. Kuwa na matamanio makubwa peke yake si ugonjwa. Aidha, WHO imeeleza kuwa majuto yanayotokana tu na mtu kuona kuwa alichofanya ni kibaya hayatoshi kumfanya aitwe mgonjwa. Kijana aliyeteleza mara moja au mbili akajuta, dawa yake ni tawba na kujiepusha na njia zilizompeleka huko, wala hahitaji kuandikiwa vidonge. Kwa upande wa pili, kuitwa mgonjwa si ruhusa. Haramu inabaki haramu, na mgonjwa ana wajibu wa kutafuta tiba kama ambavyo mwenye kifua kikuu ana wajibu wa kutafuta dawa ili asiwaambukize watu wa nyumbani kwake.

Mduara wake

Wengi hudhani kinachomsukuma mtu huyu ni wingi wa matamanio. Mara nyingi sivyo. Huanza na uzito wa moyo: upweke, hasira, madeni, ugomvi wa nyumbani, au maumivu ya zamani ambayo hakuwahi kuyasema, kama kuingiliwa utotoni. Tendo linampa nafuu ya dakika chache. Kisha inakuja aibu, aibu inaleta kujificha, kujificha kunaleta upweke, na upweke unamrudisha pale pale alipoanzia. Ndiyo maana kumkemea na kumwaibisha hadharani hakumponyi. Aibu inakuwa kuni za moto ule ule.

Tuna mfano bora katika jambo hili. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kisa cha kijana aliyemjia Mtume (SAW) akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimwita karibu, akamkalisha, akamuuliza kwa upole kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake na shangazi zake. Kijana akajibu kila mara kuwa hapendi. Kisha akaweka mkono wake juu yake na kumwombea. Mtume hakulihalalisha jambo lile, wala hakumfukuza kijana. Alimweka karibu, akamsikiliza na kumfikirisha.

Dawa tunazokosea

Kwanza, "mwozesheni atatulia." Ndoa na funga ni kinga alizotuelekeza Mtume (SAW) kwa vijana, na ni kinga kweli. Ama mtu ambaye maradhi yamekwisha kumshika, huingia nayo ndani ya ndoa. Si haki kumchukua binti wa watu akafanywa dawa ya ugonjwa ambao hakuambiwa. Wala kuongeza mke wa pili hakutibu kilichoshindikana kwa wa kwanza.

Pili, "ana jini mahaba." Wapo wanaozungushwa kwa waganga miaka mingi na kumaliza akiba yao huko. Kisomo cha Qur'an hakigombani na hospitali. Soma, omba dua, na uende kwa daktari.

Tatu, dawa za mitaani za kukata nguvu za kiume. Zinaweza kudhuru mwili, na haziligusi lile linaloumiza moyo.

Hospitali watafanya nini?

Msomaji, hatua ya kwanza ni kutafuta kama kuna jambo jingine nyuma yake. Mgonjwa mwenye vipindi vya kutolala, kuongea mno, kutapanya fedha na kujiona mkubwa kuliko watu wote, huenda ana maradhi ya akili ambayo tamaa iliyopita kiasi ni dalili yake moja tu. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, kama pramipexole na ropinirole, zinaweza kuamsha tabia hii kwa mzee ambaye hakuwa nayo kabisa. Watoto wake humwona amepotoka uzeeni, kumbe ni dawa. Asiache dawa mwenyewe, bali amweleze daktari ili ipunguzwe au ibadilishwe. Jeraha la kichwa, pombe na dawa za kulevya nazo huangaliwa.

Baada ya hapo tiba kuu ni ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa. Mgonjwa hujifunza kuzitambua saa zake za hatari, kuyajibu mawazo yanayomdanganya, na kulikabili wimbi la tamaa bila ya kulifuata. Tamaa ni kama bahari, hujaa na kupwa. Asiyeifuata huiona inashuka yenyewe. Huko Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliwahusisha wanaume 137. Waliohudhuria tiba ya kikundi kwa wiki saba walipungukiwa na dalili kuliko waliokuwa bado wakingoja zamu. Wapo pia wanaosaidiwa na dawa, hasa wenye sonona au wasiwasi mkubwa, lakini hilo ni la daktari kuamua.

Wala jambo hili si geni kwetu Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi pamoja. Alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, basi aweke tayari na fikra njema za kumsaidia siku nafsi itakapotikisika. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, watibabu wanafundisha jambo linalofanana na hilo.

"Lakini nitafichua aibu yangu"

Tumekatazwa kuzitangaza dhambi zetu na kujifaharisha nazo. Kumweleza tabibu ili akutibu si kutangaza. Imam An-Nawawi ameorodhesha hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kuomba msaada wa kuondoa ovu na kuuliza hukumu. Hind bint Utba alimshitakia Mtume (SAW) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, naye hakukemewa. Basi mke anayekwenda kutafuta msaada kwa ajili ya nyumba yake asihofu kuwa anasengenya.

Huna haja ya kueleza yote dirishani. Sema tu: "Daktari, nina tabia ya faragha inayonishinda kuiacha, naomba kumwona mtu wa afya ya akili." Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, kwani wapo wanawake nao wenye tatizo hili. Daktari ana wajibu wa kutunza siri yako. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Kidongo Chekundu Zanzibar na Mathari Nairobi. Aliye mbali aanze hospitali ya wilaya.

Nyumbani

Simu isilale chumbani, ichajiwe sebuleni. Usibaki peke yako katika saa unazozijua kuwa ni za hatari. Wimbi likija, inuka, tia udhu, toka chumbani na ungoje dakika 20. Mtafute mtu mmoja mwaminifu wa kumpigia simu, na asiwe mtu wa kuhukumu. Andika ulichokuwa unakihisi kabla ya kuteleza, maana daktari atakihitaji. Na ukiteleza, usiseme kazi yote imeharibika. Aliyekaa siku 40 akateleza siku moja, zile 40 hazijafutwa. Tubia, tazama ni mlango upi uliachwa wazi, uufunge.

Dada, mke wa mtu huyu, kosa si uzuri wako wala upishi wako. Pimeni wote wawili VVU na maradhi ya zinaa, na una haki ya kujikinga hadi majibu yajulikane. Aliyekutana na hatari ya VVU awahi hospitali ndani ya saa 72, ipo dawa ya kinga. Kumpekua kila siku kutakuchosha bila ya kumponya. Mwekeeni sharti la kutibiwa, nawe utafute wa kukusikiliza.

Lipo lisilosubiri. Kama mtoto ameguswa, au mtu amelazimishwa, hilo ni jinai, wala sitara haina nafasi hapo. Mpelekeni aliyedhuriwa hospitali na mtoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Na kama mgonjwa anazungumzia kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Ndugu msomaji, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kama unayesoma haya ndiye mwenyewe, usingoje utakasike ndipo urudi msikitini. Swali Isha ya leo, na kesho asubuhi uende hospitali.

Wabillahi tawfiq.