Utata wa Neno "Homa" katika Uuguzi wa Watoto Wenye Saratani

Dawa za saratani hupunguza pia chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hasa baina ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo mtoto huenda yuko nyumbani, tuseme Umoja, mbali na wodi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Muuguzi humwagiza mzazi: "Mama, akipata homa, mlete."

Hapo ndipo penye hatari. Kamusini homa ni joto la mwili kupanda. Mitaani Nairobi aghalabu ni mafua, nayo mafua hungojewa yaishe. Muuguzi stadi husema: "Mwili ukiwa moto, kipimajoto kikifika 38, njoo usiku huo huo; usimpe Panadol ukangoja." Panadol hushusha joto tu, ilhali maambukizi huendelea kuenea damuni.