Fidia na Hisa: Mfano wa Wenyeji wa Kanada



Shirika linapotaka kupitisha waya za umeme au bomba la mafuta katika ardhi ya watu, jambo la kwanza kuzungumzwa huwa ni fidia. Fidia ni haki. Lakini ikishalipwa, mradi huendelea kuingiza mapato kwa miaka mingi, na mwenye ardhi hubaki mtazamaji. Iko njia ya pili, nayo ni hisa: wenye ardhi kuwa wamiliki wa sehemu ya mradi wenyewe. Njia hii imefuatwa na jumuiya nyingi za wenyeji wa asili nchini Kanada, ambao wazee wao waliishi huko kabla ya Wazungu kufika. Makala haya yanaeleza walivyofanya, na hatari iliyomo.

Umoja ndio mtaji wa kwanza

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario ziko jumuiya zilizo mbali sana na miji. Kwa miaka mingi zilitegemea umeme wa mitambo ya dizeli. Mafuta yaliletwa kwa ndege, au kwa malori wakati wa baridi kali, maziwa yanapoganda na kuwa barabara. Mitambo ilipoelemewa, nyumba mpya hazikuweza kuunganishiwa umeme.

Jumuiya hizo ziliungana katika mradi uitwao Wataynikaneyap Power, jina ambalo maana yake ni njia iletayo mwanga. Waya zake zina urefu wa kilomita 1,800 hivi, zilikusudiwa kuzifikia jumuiya 17, na ujenzi ulikamilika mwaka 2024. Jumuiya 24 zinamiliki kwa usawa asilimia 51 ya hisa. Asilimia 49 ni ya kampuni ya Fortis na wawekezaji wengine.

Katibu na apige hesabu. Asilimia 51 ikigawanywa kwa 24, kila jumuiya inapata asilimia 2 na kidogo tu. Jumuiya moja peke yake isingesikilizwa na mtu. Zilipoweka hisa zao katika fungu moja, zikawa ndizo zenye hisa nyingi kuliko mbia mwenzao. Jambo hili si geni kwa mwanaushirika.

Si kila hisa inatoa mamlaka. Mwaka 2022, jumuiya 23 za jimbo la Alberta zilinunua asilimia 11.57 ya mabomba saba ya kampuni ya Enbridge, kwa dola bilioni 1.12 za Kanada. Fungu kama hilo huleta gawio, lakini peke yake haliwezi kuamua mambo ya mradi.

Fedha zilitoka wapi?

Benki hukopesha mwenye rehani. Sheria ya Kanada inayohusu wenyeji wa asili, ambayo chanzo chake ni mwaka 1876, huzuia mali yao iliyo katika ardhi waliyotengewa isiwekwe rehani kwa mtu asiye mmoja wao. Sheria hiyo iliilinda ardhi, lakini iliufunga pia mlango wa benki. Ndiyo maana serikali zilianza kutoa dhamana. Jimbo la Alberta liliunda chombo cha kazi hiyo mwaka 2019, nacho kilidhamini dola milioni 250 katika ununuzi wa mabomba yale saba. Serikali kuu ilitangaza mpango wa dhamana wa dola bilioni 5 mwaka 2024, ukaongezwa kuwa bilioni 10 mwaka 2025.

Dhamana si zawadi

Hapa ndipo wanachama wengi hukosea. Dhamana humlinda mkopeshaji. Deni hubaki kuwa la aliyekopa. Tuchukue mfano wa kufikirika. Chama kimekopa shilingi milioni 100 kununua hisa. Marejesho na riba ni milioni 8 kwa mwaka. Gawio likiwa milioni 10, chama kinabakiwa na milioni 2. Gawio likishuka kuwa milioni 6, milioni 2 zitatoka wapi? Zikikosekana mwaka hata mwaka, hisa zenyewe zaweza kupotea.

Maswali ya Mkutano Mkuu

Chama kikiletewa pendekezo la ubia wa namna hii, wanachama waulize kabla ya kupiga kura:

1. Hisa zetu zina kura ngapi, na nani atatuwakilisha?
2. Gawio linatokana na mkataba wa malipo yaliyopangwa, au na bei ya soko inayopanda na kushuka?
3. Mwaka wa hasara, deni litalipwa na nani?
4. Je, kuchukua hisa kunatunyima fidia tunayostahili?

Swali la nne lisisahauliwe. Fidia ni malipo ya kilichochukuliwa. Hisa ni sehemu ya kitakachopatikana. Moja halifuti jingine, na asiyelitenganisha hilo atauza haki yake mara mbili kwa bei moja.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maswali haya mbele ya wanachama, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.