Saa za Mwalimu Zimekwisha Kulipiwa



Tunapozungumzia uadilifu wa mwalimu, mawazo ya wengi hukimbilia mambo makubwa: vyeti vya kughushi, mitihani iliyovuja, rushwa ya ngono. Mambo hayo yana sheria zake na vyombo vyake. Katika makala hii tunapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, ambalo ni nadra kumfikisha mtu TAKUKURU, lakini linawagusa watoto wengi zaidi. Jambo lenyewe ni muda wa mwalimu, na nani ameulipia.

Mfano wake uko hapa hapa mjini. Kila anayevuka na kivuko kutoka Kigamboni na kushuka Magogoni huipita Ikulu, na Rais wa kwanza wa nchi hii mpaka leo anaitwa Mwalimu. Jina hilo hakupewa kwa heshima tu. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, na baada ya masomo ya Edinburgh akawa mwalimu katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Akiwa mwalimu huko alichaguliwa mwaka 1953 kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba, Kariakoo. Kutoka Pugu hadi Kariakoo si karibu, na kazi ya chama haikuwa ya kumaliza Jumapili jioni.

Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakuu wa shule walimtaka achague: ualimu au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na chama kichanga hakikuwa na mshahara wa kumpa.

Wengi husimulia habari hii kama ushujaa wa siasa. Sisi tunaiona kwanza kama habari ya mfanyakazi. Kazi mbili zilikuwa zinagombea saa zile zile, na wanafunzi wa Pugu ndio waliokuwa na haki ya kwanza, kwa kuwa saa hizo zilikuwa zimekwisha kulipiwa kwa ajili yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, mtu aliyelisimamia alikuwa amekwisha kuuacha mshahara mmoja miaka kumi na miwili kabla.

Sasa tuangalie shule zetu. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika Tanzania mwaka 2014 katika shule za msingi ulikuta kwamba walimu ambao hawakuwepo shuleni kabisa walikuwa wachache, takriban 14 kwa kila mia. Lakini waliokosekana darasani walikuwa karibu nusu. Maana yake, mwalimu alikuwepo shuleni ila hakuwa mbele ya watoto. Ratiba ilimpa mtoto karibu saa 6 za kufundishwa kwa siku. Alizopata kweli hazikufika 3. Daftari la mahudhurio la walimu lisingeonyesha lolote, maana mwalimu alisaini asubuhi.

Hesabu yake si ngumu. Kipindi cha shule ya msingi katika madarasa ya juu ni dakika 40, na mwaka wa masomo una siku 194. Darasa linalokosa kipindi kimoja tu kila siku hupoteza zaidi ya saa 129 kwa mwaka. Hakuna aliyeiba chaki, wala fedha ya ruzuku haikupotea.

Saa hizo huenda wapi? Nyingine huishia kwenye chumba cha walimu, kusahihisha na kuzungumza. Nyingine huenda kwenye biashara ndogo, na mjini kama hapa, penye soko la Kariakoo karibu, kishawishi ni kikubwa. Nyingine, na hizi ndizo zinazotuuma zaidi, hurudi jioni zikiitwa tuisheni: somo lililorukwa mchana linafundishwa saa kumi kwa malipo. Mzazi mwenye fedha hulipa. Mtoto wa mama anayeuza vitumbua hubaki na daftari tupu. Tuisheni yenyewe si dhambi. Ubaya ni kuuza mara ya pili kitu ambacho mwajiri amekwisha kukinunua.

Tuwe wa haki kwa walimu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya mjini yamefurika, na mwalimu anayesahihisha madaftari mia na zaidi hawezi kumaliza ndani ya vipindi vyake. Wapo wanaopanda daladala mbili kabla ya jua kuchomoza. Wapo waliosubiri malimbikizo yao kwa miaka. Haya yanaeleza kwa nini mwalimu huchoka. Hayaelezi kwa nini mwenye njaa na mwenye nyumba wote wawili huuza tuisheni.

Na hapa tunawageukia wahisani wetu na kamati za parokia, kwa upole. Swali tunaloulizwa zaidi katika taarifa zetu ni wangapi wamefaulu. Ni swali halali, lakini likiwa peke yake humsukuma mwalimu mkuu kutafuta njia ya mkato. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, na baadhi ya shule za Dar es Salaam na Mwanza, kwa udanganyifu. Watoto, wakiwemo wasiohusika, wakarudia mtihani mwezi huo huo. Hatujui ndani ya shule hizo vipindi vilikwendaje, na hatuwasemi. Tunachojua ni kwamba kiwango cha ufaulu hakimwambii mhisani kama mtoto alifundishwa.

Njia nyepesi ya kujua ipo, na haihitaji mtaalamu. Kamati ichukue madaftari matano ya hisabati ya darasa moja, ihesabu tarehe zenye kazi iliyosahihishwa kwa mwezi mmoja, kisha ilinganishe na ratiba iliyobandikwa ukutani. Mwalimu mkuu ajulishwe mapema, na mwalimu wa somo awepo wakati wa kuhesabu, kwani huenda aliitwa semina au alikuwa anauguza. Madaftari ya watoto wa tuisheni na ya wasiokwenda yawekwe mafungu mawili.