Tarishi na Njia ya Faili

Leo tutajifunza jinsi kompyuta inavyolinda mafaili.

Ndani ya kompyuta mna programu kuu iitwayo kiini. Programu nyingine hazifungui mafaili zenyewe. Huomba kwa kiini. Basi fikirini ofisi. Programu ni karani. Kiini ni tarishi mwenye funguo zote.

Karani humpa tarishi kikaratasi cha njia. Someni pamoja nami:

wageni/asha/barua

Maana yake: ingia chumba cha wageni, fungua kabati la Asha, toa barua.

Mara nyingi njia hiyo huandikwa na mgeni, naye karani huipeleka tu. Tarishi hutazama cheo cha karani, hamjui mgeni. Hapo ndipo hatari ilipo, nazo ni tatu.

Kwanza, nukta mbili. Alama hii (..) maana yake ni "rudi hatua moja". Mgeni akiandika wageni/../hazina/mishahara, tarishi ataingia kwa wageni, atarudi ukumbini, kisha ataingia hazina.

Pili, kibao. Kabatini mnaweza kuwekwa kibao kisemacho, "Barua haipo hapa, nenda hazina." Tarishi hukifuata.

Tatu, wakati. Karani mwangalifu hukagua njia kwanza, akaona ni njema, ndipo akamtuma tarishi. Lakini katikati ya kukagua na kutuma, mwizi huweka kibao upesi. Jina la njia ni lile lile, lakini mwisho wake umebadilika. Hivyo mishahara husomwa, au faili la mwingine hufutwa.

Je, dawa yake ni nini? Tutazame kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Mwaka 2020, katika toleo la 5.6, kiliongezewa njia mpya ya kuomba faili, iitwayo openat2. Sasa karani aweza kumwambia tarishi, "Anzia chumba hiki. Usitoke nje yake. Usifuate kibao chochote." Tarishi hukagua mwenyewe huku akitembea, mlango kwa mlango. Njia ikimtoa nje, hurudi mikono mitupu. Ikiwa njema, huleta faili lenyewe, limekwisha kufunguliwa. Tangu hapo karani ameshika faili, hakushika jina. Mwizi akibadili vibao, amechelewa.

Lakini kumbukeni: tarishi hafuati masharti hayo asipoambiwa. Mwandishi wa programu lazima ayatie katika ombi lake.

Basi neno la leo ni hili: kukagua na kufungua viwe tendo moja, vifanywe na mkono mmoja.

Maswali
1. Nukta mbili zina maana gani katika njia?
2. Kwa nini haitoshi karani kukagua kwanza?
3. Tarishi hufanya nini njia ikimtoa nje ya chumba?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.