Ukiniambia samaki ana sumu, niambie na nile nini

Chakula cha wazee hakikatazwi kwa tangazo. Mtu aliyekulia papa wa nazi ukimwambia tu "samaki wana sumu", ama atakupuuza, ama ataogopa aache hata kilicho chema. Yote mawili naona ni hasara, na mfano mzuri ni Wainuit wa kaskazini mwa Kanada.

Wainuit hula sili, nyangumi na samaki tangu enzi za mababu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipima maziwa ya akina mama wa Nunavik, kaskazini mwa jimbo la Quebec. Walitarajia maziwa safi, maana kule hakuna viwanda. Walikuta kemikali za PCB, zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma za umeme, kiasi cha mara tano ya zile za akina mama wa kusini mwa jimbo.

Zilifikaje? Zililetwa na upepo na mikondo ya bahari. Vijidudu vya baharini huzimeza, samaki wadogo hula vijidudu, wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu huzidi kwa kuwa hujikusanya kwenye mafuta ya mwili. Zebaki nayo hupanda vivyo hivyo, ila yenyewe hukaa zaidi kwenye nyama.

Habari zilipoenea, hofu ikaingia. Je, mama aache kunyonyesha? Ale nini? Chakula cha dukani kule hupelekwa kwa ndege au meli na ni ghali mno. Ikabidi waelezwe kuwa faida ya kunyonyesha bado inaishinda hatari.

Baadaye ujumbe ulinyooka. Mwaka 2011 wakuu wa afya wa Nunavik waliwashauri wanawake wa umri wa kuzaa wapunguze nyama ya beluga, yule nyangumi mweupe, kwa sababu zebaki yaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Hawakuambiwa waiache bahari. Walihimizwa kula samaki wa huko aitwaye chari, mwenye zebaki kidogo. Onyo hilo lilitaja nani, nyama gani, kwa nini, na badala yake nini.

Wainuit nao hawakukubali mzigo wote uwe juu ya sahani yao. Katika mazungumzo yaliyofanyika hapa kwetu Nairobi mwaka 1999, kiongozi wao Sheila Watt-Cloutier alikabidhi sanamu ya mama na mtoto, wajumbe wakumbuke ni nani anayeumia. Mazungumzo hayo yalizaa Mkataba wa Stockholm wa 2001 wa kukomesha au kudhibiti sumu hizo.

Sisi wa Pwani tuna la kujifunza. Papa na nduaro hula samaki wengine na huishi miaka mingi, hivyo hukusanya zebaki kuliko dagaa au tafi. Basi kwa mja mzito neno sahihi si "acha samaki", ni "punguza papa, zidisha dagaa".

Na akija mtafiti kupima samaki wetu, majibu yarudi kwanza bandarini na barazani, kwa Kiswahili, na aseme pia sumu imetoka kwa nani. Mvuvi hakuitia yeye.