Nesi, Muuguzi na Mama Anayenyonyesha

Neno "nesi" limetokana na neno la Kiingereza "nurse". Limezoeleka kiasi kwamba wengi hudhani lina maana moja tu: mtu aliyesomea kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Katika Kiingereza chenyewe maana ni pana zaidi, na kutoijua tofauti hiyo kwaweza kuleta madhara.

Asili yake ni neno la Kilatini "nutrire", yaani kulisha au kulea. Lilipitia Kifaransa cha kale, na hapo awali lilimtaja mwanamke anyonyeshaye au aleaye mtoto wa mwingine. Maana ya kuhudumia wagonjwa ilifuata baadaye, lakini ile ya kwanza haikufa. Ndiyo sababu karatasi za maelezo ya dawa zilizoandikwa kwa Kiingereza huweza kuwa na onyo kwa "nursing mothers". Hao si akina mama wenye kazi ya unesi, bali ni akina mama wanaonyonyesha. Baadhi ya dawa hupita katika maziwa na kumfikia mtoto. Mama asiyeelewa onyo hilo ataona halimhusu.

Kwa hiyo mtoa dawa hana budi kumwuliza mama, kwa Kiswahili wazi, kama ananyonyesha. Naye mama aseme hata asipoulizwa. Hata hivyo, asiache dawa wala kunyonyesha kabla ya kupata ushauri, kwani dawa nyingi zaweza kutumiwa bila kumdhuru mtoto.

Kiswahili nacho kina neno lake, "muuguzi", litokanalo na kitenzi "kuuguza". Kitaaluma, muuguzi ni mtu aliyefuzu na kusajiliwa. Lakini nyumbani, binti amlishaye na kumwogesha baba yake mgonjwa husemwa kuwa anamwuguza. Cheo hana, ila kazi anayo. Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, aliandika kitabu chake mashuhuri cha uuguzi kwa ajili ya wanawake waliotunza afya za wenzao majumbani.

Basi mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, muuguzi wa hospitali amtafute yule atakayemwuguza nyumbani, amweleze saa za dawa, namna ya kumgeuza kitandani na dalili za hatari, kisha amwombe ayarudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe.