Kitambi Kimoja, Damu Mbili Tofauti (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita ilieleza sindromu ya kimetaboli: mambo matano, na mwenye matatu kati yake huhesabiwa kuwa nayo. Kiuno kipana, presha inayofika 130 kwa 85, sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika 5.6, lehemu nzuri iliyopungua, na trigliseridi zinazofika 1.7. Leo nashika hilo la tano peke yake, maana ndilo linaloweza kutudanganya sisi Waafrika kuliko mengine.

Trigliseridi ni mafuta yenyewe: yale ya nyama, ya nazi, ya samli, pamoja na yale ambayo ini huyatengeneza kutokana na sukari na wanga uliozidi. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, utumbo na ini huyafunga kwenye vifurushi vyenye ganda la protini ndipo yasafiri katika damu. Kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, ndani ya misuli na tishu za mafuta, kimeng'enya kiitwacho lipasi ya lipoprotini huvivunja vifurushi hivyo na kushusha mzigo. Kikiwa na nguvu, saa kadhaa baada ya pilau damu imeshasafika. Kikilegea, vifurushi hurundikana, na lehemu nzuri nayo hushuka.

Mwenye kitambi ambaye mwili wake umeacha kuitikia insulini hupatwa na yote mawili: ini humwaga vifurushi vingi, na kimeng'enya hulegea. Hata hivyo, watu wawili wenye kiuno sawa na chakula sawa wanaweza kuwa na damu zisizofanana kabisa. Hapo jeni ndizo zinazosema.

Ipo protini iitwayo APOC3 ambayo hukizuia kimeng'enya hicho. Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, jamii ambayo kwa vizazi vingi imeoana ndani kwa ndani. Takriban 5 katika kila 100 walikuwa na nakala moja ya jeni ya APOC3 isiyofanya kazi, na protini hiyo katika damu yao ilikuwa nusu tu. Waliponyweshwa kinywaji kizito cha mafuta, trigliseridi zao zilipanda kidogo kuliko za wenzao. Mishipa ya mioyo yao nayo ilikuwa na chokaa kidogo. Elimu hiyo imezaa dawa ya kuinyamazisha jeni hiyo, olezarsen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wenye ugonjwa adimu wa kurithi unaojaza mafuta katika damu. APOA5 hufanya kinyume chake, hukisaidia kimeng'enya, na waliorithi aina dhaifu ya jeni yake huwa na trigliseridi nyingi zaidi.

Sasa turudi kwetu. Huko Marekani, watu weusi wana presha na kisukari zaidi ya weupe, lakini kwa wastani trigliseridi zao ni chache. Wahamiaji waliotoka Afrika wameonekana kuwa hivyo hivyo. Maelezo mojawapo yenye uzito ni kwamba kimeng'enya chao hakilegei hata mwili unapoacha kuitikia insulini, na sehemu ya hali hiyo inaelekea kuwa ya urithi. Basi mtu mwenye asili ya Afrika anaweza kuwa amekwisha kuingia njia ya kisukari, na karatasi yake ya maabara ikasoma trigliseridi 1.1.

Mara nyingi nimesikia mtu akisema kwa furaha, "Mafuta yangu yako sawa." Hilo linanitia hofu. Trigliseridi chache ni jambo jema, ila kwetu si ushahidi kwamba mwili uko salama, na daktari anayeishia hapo amepima nusu.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kliniki usitosheke na kipimo cha mafuta. Omba upimwe presha, omba sukari ya kabla ya kula, kisha zungusha futikamba kiunoni. Mwanamume akifika sentimita 94, au mwanamke 80, arudi kwa daktari hata kama karatasi ya mafuta ni safi.